Kumuuliza Uji

Saa tisa za usiku, hospitali ya Võru.
Theluji ya Machi imeziba nusu ya dirisha,
nami nimekaa na wewe, usiye na mgongo wa kuchoka.
Umezisoma picha za kifua cha Heino Kõivik
kwa muda ambao mimi nilikuwa natafuta miwani.
Umesoma damu yake, figo zake, miaka yake sabini na tisa,
ukamlinganisha na wagonjwa elfu arobaini nisiowajua,
kisha ukaandika, bila kukohoa:
Dawa nne. Mizunguko sita. Asilimia sitini na mbili.

Sitini na mbili ya nini? Ya kuwa hai miaka miwili ijayo.
Wala hukujigamba. Chini, kwa herufi ndogo, umeongeza
kwamba huenda umekosea.
Profesa Uibo aliyenifundisha
hakuwahi kuziandika herufi hizo.

Hebu nikwambie lisilokuwemo kwenye faili.
Novemba ulitaka Leida apewe dozi ndogo.
Nikakupinga. Nilikuwa nimemwona akipanda ngazi, akicheka,
nikasema huyu atahimili, nikabonyeza KATAA.
Ukauliza sababu. Nikaandika: uzoefu.
Siku ya kumi na mbili muuguzi Triinu alinikabidhi kitana chake,
kimejaa.
Labda angekufa hata kwa dozi yako.
Nimekuuliza mara tatu, usiku kama huu,
na mara tatu umenijibu kwa adabu kwamba haijulikani.

Ndiyo maana leo kidole kiko juu ya KUBALI
na sijui kinakubali kwa kuwa umesema kweli
au kwa kuwa kinaogopa.
Aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona unyasi;
wewe hujaumwa na lolote.

Saa kumi na mbili nikashuka wadi ya pili.
Mgonjwa haulizwi uji, ndivyo tulivyozoea,
huletewa tu, na kijiko ndani.
Nikavuta kiti, nikamuuliza.

Heino alisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya shuka.
"Hiyo mashine," akasema, "imewahi kuumwa?"
"Hapana."
"Nawe?"
"Jino."
Akacheka mpaka mrija wa dripu ukatikisika.
Kisha akauliza dawa hizo zitamfanya nini vidoleni.
Nikamwambia: ganzi. Pengine ya muda, pengine ya kudumu.

Kuna mtufaha nyuma ya nyumba yake, alioupanda baba mkwe,
hakuna ajuaye aina yake, nao unaoza kutoka ndani.
Aprili anataka kukata vikonyo, avipandikize
kwenye shina changa, kwa kisu chembamba na uzi.
"Ukiwa na ganzi," akasema, "husikii
gome likikubaliana na gome."

Nikapanda tena. Kwenye kisanduku ambacho huwa hatukijazi
nikaandika: mgonjwa anahitaji vidole.
Ukafikiri sekunde nne, nilizihesabu,
ukaitoa dawa moja, ukapanga upya zilizobaki,
na sitini na mbili ikashuka ikawa hamsini na saba.
Kumbe ndiyo bei. Vidole kumi, asilimia tano.
Peke yangu nisingeweza kumtajia bei;
ningempigapiga begani.

Nikashuka, nikamwambia namba zote mbili,
pamoja na herufi ndogo.
Akatazama dari, midomo ikihesabu.
"Nusu asilimia kwa kidole," akasema. "Rahisi. Nunua."

Sahihi ni yangu. Umeacha mstari mtupu pale chini
na unaningoja, hunisukumi.
Nimetia jina. Mkono haukutetemeka sana.
Septemba, matufaha yakianguka, ama nitajua
ama nitakuja kukuuliza mara ya nne.

Triinu ameleta uji wa shayiri.
Heino ameuonja, ameusukuma kando,
anasema umekosa chumvi.
Nimekwenda kutafuta chumvi.